Neno "Shall" Si Ahadi, Ni Amri

Ndugu wanachama,

Shuleni watoto hufundishwa kwamba neno la Kiingereza "shall" ni la wakati ujao: "I shall go," maana yake nitakwenda. Basi wengine hulisoma vivyo hivyo katika mapatano ya kazi. Wakiona "The employer shall" husema, "Tajiri atafanya," kisha hukaa wakingoja siku atakapopenda.

Sivyo. Katika sheria neno hili halitabiri jambo, laamuru. Neno la hiari ni "may," yaani aweza akitaka. Na "shall not" ni marufuku.

Tazameni Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Kifungu cha 28 chatumia "shall" kwa likizo: siku za kazi zisizopungua 21 kwa mshahara kamili, baada ya kila miezi 12. Hiyo si zawadi ya msimamizi. Kifungu cha 41 chasema kwamba kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, kwa kazi mbovu au kwa udhaifu wa mwili, ni lazima tajiri amweleze sababu katika lugha anayoielewa. Naye ana haki ya kuwa na mwenzake, au mjumbe wa chama pale kazini, asikilize. Je, ni wangapi waliowekewa karatasi ya Kiingereza mezani wakaambiwa, "Tia sahihi uende"?

Mtu atasema maneno haya ni kazi ya mawakili. Lakini wakili huja kazi imekwisha kwenda. Mjumbe wa chama yupo siku ile ile.

Tena neno lenyewe lina udhaifu. Mara nyingine majaji wamelihesabu kuwa maelekezo tu, wala si amri. Watu wa Afrika Kusini, walipoandika Katiba yao ya mwaka 1996, walishika "must," yaani lazima, mahali pa "shall."

Kwa hiyo naomba Chama kidai mambo mawili. Kwanza, mapatano yote yaandikwe kwa Kiswahili pia. Pili, palipo na "shall" pasiandikwe "atafanya," bali "ni lazima afanye." Na palipotubana sisi wafanya kazi paandikwe hivyo hivyo, maana amri hukata pande zote mbili.

Asiyejua maana haambiwi maana. Tujifunze, ili tuambiwe.

Ni mimi mwenzenu,
Mfanya kazi wa Reli