NENO KWA WAZAZI: Duka la Mama Maria

Juma hili twataka kusema na wazazi wa Shinyanga na Geita wenye mabinti. Mara nyingi twasikia, "Huyu ni wa kuolewa tu, masomo ya nini?" Mmoja ahesabu ng'ombe wa mahari. Mwingine amwona bintiye akiacha shule kwenda kuuza chakula machimboni, naye hunyamaza, maana jioni fedha huingia. Basi, sikilizeni habari za mwanamke mmoja aliyejifunza kazi humu humu Usukumani.

Mama Maria Nyerere alizaliwa mwaka 1930 huko Tarime. Alisoma Nyegina na Ukerewe, kisha akajifunza ualimu katika misheni ya Sumve, Kwimba, akarudi kufundisha Nyegina. Mwaka 1953 aliolewa na Mwalimu Julius Nyerere.

Machi 1955 Mwalimu aliacha kazi ya kufundisha Pugu kwa ajili ya TANU. Mshahara ukakatika, na nyumba ina watoto. Mama Maria hakukaa akalia. Alifungua duka dogo Dar es Salaam, akauza mafuta ya taa. Wengi twasifu hotuba za Mwalimu. Wachache twamkumbuka aliyepima mafuta ili chungu kisikae kitupu.

Hata alipokuwa mke wa Rais hakuacha kazi, alifuga kuku. Likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, likawakataza viongozi miradi ya kujitajirisha, na sharti hilo lilimfunga mke kama mumewe. Mama Maria akautoa mradi wake kwa ushirika. Msidhani ni jambo jepesi. Kuku wale walikuwa jasho lake, si zawadi ya mume. Ajuaye taabu ya kuipata shilingi ndiye ajuaye uchungu wa kuiachia. Masharti yale yalilegezwa mwaka 1991, lakini mfano wake haukulegea.

Wala hakuwa peke yake. Leticia Nyerere, aliyeolewa katika familia hiyo na kufariki mwaka 2016, alikuwa Mbunge wa viti maalum tangu 2010 hadi 2015, tena kwa chama cha upinzani, CHADEMA. Jina la ukoo halikumfunga kinywa.

Wazazi, si kila binti ataolewa na Rais. Lakini kila nyumba huwa na siku yake ya mshahara kukatika: mvua hukosa, ng'ombe hufa, shimo la dhahabu huporomoka. Siku hiyo ng'ombe wa mahari wamekwisha gawanywa zamani, na fedha za machimboni zimekwisha liwa. Kilichobaki ni kile binti alichojifunza. Basi, kabla hamjamwachia afunge madaftari yake, jiulizeni: siku hiyo ikifika, atashika nini mkononi?