Jaji Akistaafu, Mfanyakazi Asilale



Jumapili moja hapa Kinindo nilikuwa nimekaa na wenzetu watatu tukisikiliza redio. Ikatangazwa kwamba jaji fulani amefikisha umri wa kustaafu. Mmoja wetu akacheka: "Mzee akapumzike! Sisi inatuhusu nini? Akienda huyu atakuja mwingine mwenye joho lile lile." Wengine wakakubali. Mimi sikukubali, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza mahakamani mwenzetu mmoja aliyefukuzwa kazi bila notisi wala malipo. Jaji aliyewasikiliza mashahidi wake alistaafu kabla ya kutoa hukumu. Faili likapewa mwingine, naye akaanza upya, na wakati huo mashahidi wawili walikuwa wamekwisha kuhama. Siku ile nilijifunza kwamba haki haikai katika karatasi peke yake, bali pia kwa mtu anayeisoma karatasi hiyo. Ikiwa hivyo ndivyo katika kesi ya mtu mmoja, sembuse mahakama kubwa ambayo hukumu yake hufunga nchi nzima?

Tuwatazame jirani zetu wa Kenya. Mahakama yao ya Juu ina majaji saba. Mwezi Machi 2013, chini ya Jaji Mkuu Willy Mutunga, majaji sita waliosikiliza kesi ya Raila Odinga ya kupinga uchaguzi wa Rais waliikataa kwa sauti moja. Kisha ukaja ugomvi wa umri. Naibu Jaji Mkuu Kalpana Rawal na Jaji Philip Tunoi walisema waliajiriwa chini ya katiba ya zamani, kwa hiyo wastaafu wakiwa na miaka 74. Katiba ya 2010 inasema 70. Walikwenda mahakamani wakashindwa, na mwezi Juni 2016 wakaenda nyumbani. Mwezi ule ule Mutunga naye akastaafu kabla ya wakati wake, akisema anataka mrithi wake awepo mapema kabla ya uchaguzi wa 2017. Hivyo viti vitatu kati ya saba vikawa wazi kwa mara moja.

Walioingia Oktoba 2016 ni David Maraga, Philomena Mwilu na Isaac Lenaola. Tarehe 1 Septemba 2017 mahakama hiyo ilifuta uchaguzi wa Rais kwa kura nne dhidi ya mbili. Wanne hao walikuwa nani? Ni hao watatu wapya, pamoja na Jaji Smokin Wanjala aliyekuwapo tangu 2011. Sisemi kwamba wazee walioondoka wangeamua vingine, maana moyo wa mtu ni msitu. Nasema hesabu ni hesabu: bila watatu wale, kura ya kufuta ilibaki moja.

Sasa ndugu, sikilizeni jambo lenyewe. Watatu wale waliteuliwa na Rais Uhuru Kenyatta, yule yule ambaye ushindi wake waliufuta! Iliwezekanaje? Ni kwa sababu hakuwachagua peke yake. Tume ya Huduma za Mahakama iliwahoji waombaji hadharani, wananchi wakitazama kwenye televisheni, kisha ikampelekea majina. Na mwaka 2022 Mwilu, Lenaola na Wanjala walikuwamo tena katika mahakama iliyokataa kesi ya Raila kwa sauti moja. Maana yake hawakuwa mali ya upande wowote. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Twendeni Marekani, ambako jaji wa Mahakama Kuu ya nchi hana umri wa kustaafu. Huko Rais humtaja anayemtaka, na Seneti humkubali au humkataa. Kwa hiyo jaji hungoja wakati wake. Anthony Kennedy, aliyeteuliwa na Reagan, alistaafu 2018 chini ya Trump, wa chama kile kile. Stephen Breyer, aliyeteuliwa na Clinton, alistaafu 2022 chini ya Biden, wa chama kile kile. Kiti kinarithishwa kama shamba.

Na msidhani hayo hayamgusi mfanyakazi. Mwaka 2016 ilikuwapo huko kesi ya kuzuia vyama visikate ada kwa walimu wasio wanachama ambao hata hivyo hufaidika na mapatano ya mishahara. Jaji Antonin Scalia akafariki Februari. Kura zikawa nne kwa nne, na vyama vikapona. Seneti ikakataa kumsikiliza mtu aliyetajwa na Rais Obama, kiti kikakaa wazi zaidi ya mwaka, hata Rais Trump akamweka Neil Gorsuch. Juni 2018 kesi ya namna ile ile ikarudi, na vyama vya watumishi wa serikali vikashindwa kura tano kwa nne. Sheria iliyodumu tangu 1977 ilianguka kwa kiti kimoja.

Na sisi Burundi? Majaji wa Mahakama ya Katiba huteuliwa na Rais na kukubaliwa na Seneti. Baraza Kuu la Mahakimu mwenyekiti wake ni Rais wa Jamhuri. Sisi tunaochuma chai na kusimama kwenye mashine husikia jina redioni jambo likiwa limekwisha.

Naomba mambo matatu. Kwanza, kila tawi lijue ni jaji gani anaondoka na lini. Pili, chama chetu kidai bila woga kwamba kiti kikiwa wazi kitangazwe, na wanaokitaka wahojiwe mbele ya watu. Tatu, tuanze nyumbani: wale wanaokaa na jaji katika mahakama ya kazi kwa niaba yetu wachaguliwe katika mkutano wa wanachama, wasiteuliwe na viongozi wawili ofisini. Hatuwezi kudai kwa wakubwa tusilolitenda wenyewe.

Tusingoje siku ya hukumu kuuliza jaji ni nani. Siku ya kuuliza ni siku kiti kinapobaki wazi.

Umoja ni nguvu!