Daftari la Wiki: Neema ya Nani?

Kampuni moja ya utalii inatangaza nyumbu wakivuka mto, “uhakika, 20 Julai”. Nyumbu wenyewe, wanaofuata mvua, wameshaambiwa?

Mtangazaji wa hali ya hewa naye karudia wimbo wake: mvua ni neema kwa viumbe vyote. Vyote? Kwelea kwelea kaulizwa? Kiangazi kizima ndege huyu anaishi kwa mbegu za nyasi zilizodondoka chini. Ikipiga mvua ya kwanza ya maana, mbegu zinaota, na kwelea hali majani. Ghala limefungwa. Anajishindilia kumbikumbi, anapata mafuta ya safari, kisha anauruka ukanda wa mvua hadi kule ilikotangulia kunyesha wiki kadhaa nyuma, ambako nyasi mpya zimeshatoa mbegu. Baadaye anarudi akiifuata mvua huku akizaa: viota mamia kwenye mgunga mmoja, mayai yanaanguliwa kwa siku 10 hivi. Mtafiti Peter Ward aliyaeleza haya mwaka 1971. Ndege mmoja ana gramu 20 hivi na anakula kama gramu 10 kwa siku. Wakitua milioni moja kwenye mashamba ya Mbarali, ni tani 10 kabla jua halijazama. Mkulima wa mpunga hapigi hesabu hiyo, anapiga debe.

Hapo ndipo ninapokereka, kama kila mwaka. Kundi likishatua ndipo tunaanza kutafuta ndege ya kunyunyizia fenthioni, utadhani kwelea ni mgeni asiyepiga hodi. Na sumu ile haichagui: kipanga na bundi wanaookota mizoga nao wanakwenda. Mvua imenyesha wapi na lini, tunajua. Basi anayesoma utabiri wa mvua asome na wa kwelea.

Na simba je, kaulizwa? Ngorongoro, 1962: baada ya mvua kubwa, nzi wanyonya damu walizaana hadi simba wakapanda miti na kujificha kwenye mashimo ya fisi. Walibaki kama 10. Mfalme wa nyika!

Mvua ikikosekana, hakuna cha kuchekesha. Kati ya Februari na Oktoba 2022 Kenya ilihesabu tembo 205 waliokufa kwa ukame, na punda milia wa Grevy 49. Hao wa Grevy, dunia nzima wako kama 3,000.

Kumbikumbi wametoka. Jirani aliacha beseni la maji chini ya taa usiku kucha. Kunguru wa mtaa wameamka kabla yake.