Dawa ya saratani: Bei imeshuka, mpaka bado

Imatinib, dawa ya saratani ya damu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huzuia kimeng'enya aina ya kinase kinachofanya seli kuzaliana ovyo. Aprili 1, 2013 Mahakama ya Juu ya India iliinyima kampuni ya Novartis hataza ya dawa hiyo, na viwanda vya India vikaendelea kuiuza kwa chini ya moja ya kumi ya bei ya Novartis.

Chini ya kanuni za WTO, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi hazilazimiki kulinda hataza za dawa hadi Januari 1, 2033. Kenya haimo.

Hata hivyo, kila nchi husajili dawa zake. Shehena iliyosajiliwa Kenya pekee inaweza kukwama Malaba. Kabla ya kupakia, msafirishaji aulize cheti cha usajili cha nchi inakokwenda.