Ukipasuliwa bawasiri, usijinyime chakula
Wako wanaokataa kula baada ya kupasuliwa bawasiri, wakiogopa maumivu ya chooni. Kwa maoni yetu, woga huo ndio unaowaumiza. Asiyekula wala kunywa maji hupata choo kigumu, nacho huchubua kidonda.

Siku kadhaa kabla ya upasuaji, kunywa maji safi mengi, kula maharage, lengalenga na papai. Acha kula pale tu daktari atakapokuagiza. Ukishapasuliwa, endelea hivyo. Haja ikikubana, usiizuie kwa kuona aibu ya foleni: omba upishwe. Usisukume kwa nguvu. Kaa katika beseni la maji ya vuguvugu dakika 10 hadi 15. Damu ikitoka nyingi, ukipata homa au ukishindwa kukojoa, rudi hospitalini mara moja.