Programu Iliyozeeka ni Ufa Ukutani

Kauli ya "mbona bado inafanya kazi" imekuwa ngao ya uzembe katika ofisi nyingi zinazotunza majina, mishahara na matokeo ya mitihani ndani ya kompyuta. Mkuu wa idara huiona tovuti ikifunguka kila asubuhi, naye huridhika. Hajui kwamba programu inayoendesha seva yake ilikwisha achwa na watengenezaji wake, na kwamba kasoro zinazogunduliwa tangu siku hiyo hawatazirekebisha tena.

Mfano ulio wazi ni PHP, lugha inayoendesha sehemu kubwa ya tovuti duniani. Toleo lake la 5.6 lilitolewa mwaka 2014, na marekebisho yake ya usalama yakakoma tarehe 31 Desemba, 2018. Seva inayoendelea kulitumia ni sawa na ghala ambalo mlinzi wake alikwisha staafu.

Hasara ya uzembe wa namna hiyo si hadithi. Mwezi Machi, 2017, kasoro kubwa ilitangazwa katika programu ya Apache Struts, pamoja na marekebisho yake. Kampuni ya Equifax ya Marekani, inayotunza kumbukumbu za mikopo, iliacha mfumo wake mmoja bila marekebisho hayo. Mwezi Mei wezi wakaingia, na hadi walipogunduliwa mwishoni mwa Julai walikuwa wamechukua habari za watu wapatao milioni 147. Watu hao hawakuwa na sauti yoyote juu ya seva ile, lakini ndio walioumia.

Wapo wanaosema kwamba kuhama toleo huvunja kazi iliyokwisha kamilika. Hoja hiyo ina ukweli. PHP 7.0, iliyotolewa Desemba, 2015, iliondoa kabisa amri za zamani za kuwasiliana na hifadhidata ya MySQL. Lakini onyo lilikwisha tolewa katika toleo la 5.5, mwaka 2013. Aliyelisikia alipata nafasi ya kurekebisha kidogo kidogo. Aliyelipuuza alijiwekea kazi ya pupa.

Wala fedha si kisingizio, kwa kuwa PHP hutolewa bure. Kinachotakiwa ni mpango. Fundi hana budi kutoa nakala ya akiba ya kumbukumbu zote na kuhakikisha kwamba inarejesheka. Kuweka toleo jipya katika kompyuta ya majaribio. Kukagua kila ukurasa na kurekebisha. Ndipo ahamishe siku yenye kazi chache. Mkuu naye ana wajibu wa kumpa fundi siku hizo, bila kumwita mvivu eti kwa sababu hakuna jipya linaloonekana kwa macho.

Mwalimu makini hafundishi kwa muhtasari uliokwisha futwa, na karani mwaminifu haweki majalada katika kabati lisilo na kufuli. Seva inastahili uangalifu huo huo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wenyewe hapa ni imani ya mwananchi aliyekabidhi habari zake kwa ofisi, nao ukianguka haujengwi upya kwa mwezi mmoja.