Pesa zao zikitoroka, bili huletwa kwetu

Ukituma mia tano kwa simu, ushuru umo ndani ya ada unayokatwa. Ukipata kazi, mshahara unapunguzwa kabla hujauona. Wewe huna pa kutorokea. Lakini kuna watu hapa Kenya ambao pesa zao hulala Nairobi na kuamkia ng'ambo.

Ripoti ya UNCTAD ya mwaka 2020 ilikadiria kuwa Afrika hupoteza takriban dola bilioni 88.6 kila mwaka kwa njia haramu. Si lazima mtu abebe noti kwenye sanduku. Kampuni inauza bidhaa nje kwa shilingi mia moja, inaandika sitini. Arobaini inabaki katika akaunti ya kigeni na KRA haiioni.

Usidhani hayo ni mambo ya mabwanyenye tu. Mwaka 2024 madaktari waligoma kwa karibu miezi miwili. Serikali ilisema inaweza kuwalipa madaktari wanagenzi Sh70,000, ilhali mkataba wa 2017 ulisema Sh206,000. Sababu? Hakuna pesa. Mwaka huo huo ukaja Mswada wa Fedha, na unajua kilichofuata barabarani.

Hatusemi kila shilingi iliyokosekana imefichwa nje. Nyingine huliwa hapa hapa, na nyingine hulipa madeni. Ila pengo linaloachwa na pesa zilizotoroka lazima lizibwe na mtu, na mtu huyo ni wewe usiye na akaunti ng'ambo. Ni mamako anayenunua dawa nje kwa sababu hospitali ya umma haina. Ni ndugu yako anayesomea katika darasa lililojaa hadi mlangoni.

Kinaya ni kwamba binamu zetu walioko ng'ambo walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4 mwaka 2023. Yaani, anayefagia nyumba za watu anarudisha pesa, aliyepewa kandarasi anazihamisha.

Na zinaweza kurudishwa. Mwaka 2016 mahakama ya kisiwa cha Jersey iliitia hatiani kampuni ya Windward Trading, iliyopitisha hongo za kandarasi za umeme nchini, na zaidi ya pauni milioni 3 zikatwaliwa. Lakini baadhi ya hongo hizo zililipwa miaka ya tisini. Mtoto aliyezaliwa wakati huo sasa ni mtu mzima anayetafuta kazi.

Kwa hivyo tusingoje kurudishiwa, tuzuie. Tangu 2020 sheria inazitaka kampuni zimtaje mmiliki halisi. Tudai rekodi hiyo iwe wazi kwa kila mwananchi, bila vikwazo. Na mwaka 2027 mwanasiasa akija mtaani kwako kuomba kura, usimuulize amekuja na ngapi. Muulize zake anaziweka wapi.